Mwaka Tuliposhona Mbawa za Wexcombe

Diane aliponipigia simu kuniambia kwamba baba yake amefariki, nilikuwa nimepiga magoti chini ya bawa la ndege karakanani kwangu Jeffersontown, kitongoji cha Louisville, sindano ndefu mkononi na uzi umenizunguka kidole. Hakusema mengi. "Riziki, Baba ametutoka asubuhi hii, akiwa ameketi kwenye kiti chake," alisema, na huko nje malori ya eneo la viwanda yakaendelea kupita kama siku yoyote. Mzee Walter alikuwa amevuka miaka tisini. Hakuna ambaye angesema ameondoka mapema. Hata hivyo nilijisikia kama mtu aliyeondolewa ukuta aliokuwa ameuegemea. Nilimaliza safu niliyokuwa nashona, kwa sababu yeye ndiye aliyenikataza kuacha safu katikati, nikanawa mikono, nikamwambia binti yangu, ambaye siku hizi ninafanya kazi naye, abaki na funguo. "How long will you be gone, Mom?" aliniuliza. Nikamjibu kwa Kiswahili, kama ninavyomjibu siku zote, kwamba nitarudi nikishamzika mtu aliyenipa kazi hii.

Kutoka Louisville hadi Buffalo, alikoishi mzee, ni mwendo wa siku nzima kwa dereva kama mimi anayesimama kila kituo, na njia inapita Columbus, wanakoishi watu wawili ambao nisingeweza kwenda kwenye maziko yale bila wao. Mama Zawadi anakaa Reynoldsburg, pembeni mwa mji huo, kwa mwanawe, kwenye fleti yenye televisheni kubwa isiyozimwa na ukuta mzima wa picha za wajukuu waliovaa majoho ya kuhitimu. Wanjiru, Mkenya, mhandisi, alikuja moja kwa moja kutoka kazini, kitambulisho bado kinaning'inia shingoni. Nilitaka tuondoke papo hapo, lakini Mama Zawadi alikuwa amekwisha kupika sombe ya majani ya muhogo, ndagala na bugali mkubwa wa moto, na alikuwa amesimama mlangoni kama askari. "Kula kwanza," alisema. "Mzee haendi tena fasi yoyote." Tukacheka, tukaona aibu kwa kucheka, kisha tukacheka tena. Niliitazama mikono yetu ikizunguka sahani moja. Ya Mama Zawadi imekunjamana na vidole vimeanza kupinda kwa ugonjwa wa viungo. Nikawaza kwamba kesho kanisani watu watatuona wanawake watatu Waafrika tumekaa benchi moja, watadhani labda tulikuwa tunamuuguza mzee, na hakuna atakayejua kwamba mikono hii iliwahi kuinua ndege kutoka ardhini.

Mwaka ninaousimulia ulianza na theluji. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nina miezi michache tu Buffalo, na nilikuwa nimepangishwa pamoja na Mama Zawadi ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao huko West Side. Yeye ni Mkongo wa Kivu kama wazazi wangu, lakini mimi nilikulia kambini Kigoma, ndiyo maana tulikuwa tukichekana lugha: yeye alisema Kiswahili changu ni cha redio, mimi nikisema chake kimechanganyika na misa ya Kifaransa. Hatukuwa ndugu. Tulikutanishwa na ofisi iliyotupokea, watu wawili wasio na familia pale, tukapewa vyumba viwili na jiko lenye meza ya kijani iliyoyumba. Mabomba ya joto yaligongagonga ukutani kama mtu anayeomba kufunguliwa. Dirisha la jikoni lilikuwa na ufa tuliouziba kwa taulo, na Mama Zawadi alipenda kukaa papo hapo penye baridi, akishona, kwa sababu ndipo palipokuwa na mwanga. Mchana alikuwa akiwatunza wazee kwenye nyumba yao ya malezi. Jioni alirekebisha gauni za kina mama wa kanisani, akishika sindano kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo wakati huo sikulitilia maanani hata kidogo.

Mimi nilipata kazi ya kufagia karakana. Karakana yenyewe ilikuwa jengo refu la matofali mwisho wa njia ya basi, ambamo zamani palitengenezwa kitu fulani cha chuma, na sasa kundi la wastaafu lilikuwa likifufua ndege za kale. Siku ya kwanza nilipofungua mlango na ndoo yangu nilisimama. Katikati ya ukumbi ilikuwepo mifupa ya ndege: mbao nyembamba zilizopinda kwa ustadi, waya zilizokazwa, magurudumu kama ya baiskeli, na mbavu za mbawa zikipenywa na mwanga wa madirisha. Ilifanana na kitu kilichokufa zamani na kuoshwa vizuri. Mimi nilizijua ndege kama kitu kinachokuja kukuchukua ukiwa na mfuko wa plastiki wenye karatasi zako zote ndani, halafu unafumba macho hadi ufike. Sikujua kwamba zimewahi kuwa za mbao na nguo. Mzee mrefu mwenye miwani mbili, moja usoni na moja kichwani, akaniambia, "Usiguse chochote kilicho juu ya meza." Huyo ndiye Walter. Kwa miezi miwili hilo ndilo neno refu kuliko yote aliyoniambia.

Lakini masikio hayakukatazwa. Kila adhuhuri wazee wale walikaa kuzunguka jiko la chuma, wakafungua mikate yao ya mayai na chupa zao za supu, na mimi nikawa nafagia polepole sana eneo lile. Ndivyo nilivyojifunza Kiingereza, na ndivyo nilivyoijua habari ya Wexcombe. Alikuwa mshona mahema wa Uingereza, katika mji mdogo wa pwani, ambaye alipoona watu wameanza kuruka angani alijiambia kwamba ndege si kitu kingine ila hema lenye injini. Akakodi jengo lililokuwa la kufulia nguo, akaweka maseremala upande mmoja na washonaji wake wa mahema upande wa pili, na akatengeneza ndege. Ya kwanza iliruka urefu wa uwanja ikaangukia shamba la kabichi. Ya pili ikavuka kilima. Watu wakaacha kucheka. Vita ilipokuja serikali ikazitaka kwa wingi, na kile kiwanda cha kufulia kikawa kiwanda cha kweli chenye king'ora na malango. Vita ilipokwisha hakuna aliyetaka ndege tena. Wexcombe akajaribu kutengeneza viti, kisha magari ya kusukumia watoto, kisha akafunga. Michoro yake iliteketea kwenye moto wa ghala. Ndege zilizobaki ulimwenguni zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na hakuna hata moja iliyokuwa ikiruka. Hii yetu ililetwa Amerika ndani ya makasha na tajiri aliyeinunua kwa ajili ya kujifurahisha, ikalala ghalani kwa familia yake vizazi vitatu. Walter aliisimulia habari hiyo kwa sauti ya mtu anayesimulia ukoo wake. Alikuwa amefanya kazi ya ufundi wa ndege maisha yake yote, na alitaka jambo moja tu kabla ya mikono yake kuanza kutetemeka: kuiona Wexcombe moja hewani.

Mbawa zilipelekwa kwa mafundi wa jimbo jingine kuvishwa kitani, zikarudi zimeng'aa kama ngoma mpya. Wote walizipapasa. Mkaguzi wa serikali akaja siku ya mvua ya barafu, mtu mfupi asiyependa kahawa, akabana kitambaa mahali fulani karibu na ukingo wa mbele, akavuta kwa kifaa chake cha chemchemi. Uzi ukateleza. Haukukatika, uliteleza kutoka ubavu mmoja hadi mwingine kama mshono wa gunia ukivutwa uzi wake mmoja. Akafunga daftari lake. "Hili likitokea hewani, kitambaa kinabanduka na rubani anakufa," alisema, na akaondoka. Wiki hiyohiyo familia yenye ndege ikaandika barua: wamechoka kungoja. Ikiwa haitaruka kabla ya kiangazi kwisha, wataichukua wakaitundike kwenye dari ya hoteli. Nilimsikia Walter akiwasomea wenzake barua ile. Baadaye nilimsikia pia, kupitia mlango wa chumba cha chai uliokuwa haufungiki sawasawa, akizungumza na binti yake Diane, rubani wa ndege za mizigo, ambaye ndiye aliyetarajiwa kuirusha.

"Baba, tafuta mafundi wengine."

"Hakuna wengine wanaojua. Hata hawa hawakujua."

"Basi nitairusha polepole, chini chini."

"Hutairusha kabisa," Walter akasema, na sauti yake ikapasuka. "Nimezika mama yako. Sitakuzika na wewe kwa sababu ya uzi."

Niliposikia vile nilisimama na fagio langu, kwa sababu nilikuwa na kitu nilichokificha. Mwanzoni mwa kazi, mmoja wa wazee alinionyesha sanduku la matambara mabovu, ya kahawia, yanayonuka panya, akaniambia nikalitupe. Nilipolifungua nje kwenye pipa nikaona mshono. Mimi nilifundishwa kushona kambini na mwalimu aliyekuwa akituchapa rula tukikosea nafasi kati ya tundu na tundu, na mtu aliyefundishwa hivyo hawezi kutupa mshono mzuri kama ule. Nililiweka sanduku nyuma ya ndoo, ndani ya kabati la mafagio, nikijua kwamba nimekiuka amri na kwamba kazi yangu ilikuwa ndiyo kodi ya chumba chetu. Sasa nikalitoa. Nikaenda nalo hadi kwenye chumba cha chai, nikasukuma mlango kwa goti.

"Bwana, samahani," nilisema kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. "Uzi wa wale mafundi haujafungwa. Huu umefungwa."

Walter aliangalia sanduku, akaniangalia mimi. "Umelitoa wapi?"

"Niliambiwa nitupe. Sikutupa."

Nilingoja kufukuzwa. Yeye alishusha miwani ya kichwani akaivaa juu ya ile nyingine, akachukua kipande kimoja kwa ncha za vidole, akakisogeza karibu na macho. Kilikuwa kitani cha asili cha ndege ileile, kilichobanduliwa zamani na mtu asiyejua thamani yake. Diane alikigeuza upande wa ndani, na pale, chini ya utepe, kwa penseli ya zambarau, palikuwa na jina moja: Edith. Walter alikuwa amesoma kila kitabu na kila barua kuhusu kampuni ile. Alijua jina la seremala mkuu, la mhasibu, hata la mbwa wa Wexcombe. Jina la Edith hakulijua. Alikaa chini. "Miaka yote hii," alisema, "nimekuwa nikiwauliza maseremala."

Kuanzia siku ile nilipewa kiti mezani. Lakini furaha ile haikudumu, maana fundo lilitushinda. Kila mshono wa Edith ulizunguka ubavu mzima wa bawa, ukajifunga peke yake, kisha ndipo ukaenda kwa mwenzake. Ukikatika mmoja, wa jirani haushtuki. Hilo nililiona upesi. Nililiona pia kwamba karibu na mwili wa ndege, pale ambapo propela inasukuma upepo kwa nguvu, aliibananisha mishono karibukaribu, na kule nje akaiachanisha. Lakini fundo lenyewe, kila nilipolifunga, lilikaa kinyume na kuteleza. Walter alijaribu akashindwa. Diane alijaribu kwa kutumia kamba ya viatu. Tulitumia wiki mbili tukifungua na kufunga, na theluji nje ikaanza kuyeyuka, na kiangazi kikawa kinakuja.

Nikaomba ruhusa nikachukua kipande kidogo nyumbani, kimefungwa katika karatasi safi kama dawa. Mama Zawadi alikuwa amekaa penye dirisha lake akichambua maharagwe.

"Bon, njo kitu gani hiyo?" aliuliza.

Nikamweleza. Akafuta mikono kwenye kitenge chake, akakipeleka kipande kwenye mwanga, akakizungusha mara moja. Halafu akacheka, kicheko cha tumbo.

"Donc, bazungu bote banashindwa na fundo moya? Riziki, mutoto wangu, mwenye alishona hii iko kama miye. Iko wa mukono wa kushoto. Weye unaifunga na mukono wa kuume, njo maana inakataa."

Alichukua uzi, akautia nta ya mshumaa, akaupitisha kwenye ukingo wa kikapu cha maharagwe, akauzungusha, akavuta. Fundo likakaa. Akaniambia nivute. Nikavuta hadi uzi ukanikata kidole, na halikusogea. Nilimkumbatia Mama Zawadi mpaka maharagwe yakamwagika, na tulipiga magoti wote wawili sakafuni tukiyaokota, tunacheka kama wehu, na yeye akirudiarudia, akiiita Uingereza kwa Kifaransa, "Ule mama wa Angleterre! Alikuwa na mukono yangu!"

Asubuhi iliyofuata alipanda basi nami, akiwa amevaa koti lake la kanisani. Walter alimtazama akifunga fundo moja kwenye ubavu wa mbao, akachukua koleo akalivuta, akachukua kubwa zaidi akalivuta tena. Kisha akamwondolea yule mama koti lake begani, akalitundika kwenye ndoano yake mwenyewe. Mama Zawadi hakujua Kiingereza wakati ule zaidi ya maneno ya kuogesha wagonjwa, lakini jambo lile alilielewa. "Huyu mzee alilelewa vizuri," aliniambia pembeni.

Ikabaki karatasi. Mkaguzi hangekubali maneno ya mfagiaji na mtunza wazee. Alitaka hesabu na michoro. Kanisani kwetu palikuwa na msichana Mkenya aliyekuja kusomea uhandisi, mwembamba, anayezungumza haraka, Wanjiru. Nilimfuata baada ya ibada nikamwomba asaidie kidogo tu. Alikuja Jumamosi moja kwa saa moja, akabaki hadi ndege iliporuka. Nakumbuka alivyolala chali chini ya bawa, kalamu kati ya meno, akipima nafasi za matundu ya zamani. "Wee Riziki," alisema, "huyu Edith alikuwa anajua physics. Ona, anapunguza spacing exactly mahali pressure inaongezeka. Nobody alimfundisha. Alihisi tu kwa mkono." Aliandika ripoti, akaipeleka kwa mwalimu wake chuoni aipitie, na jina la kwanza kwenye ukurasa wa mbele, kabla ya lake na majina yetu, aliweka la Edith.

Tulishona kuanzia majira ya kuchipua hadi katikati ya kiangazi. Bawa lilisimamishwa wima kama mlango. Mimi upande mmoja, Mama Zawadi upande wa pili, sindano ndefu ikipita katikati yetu. Namsukumia, ananirudishia, anafunga. Sikuona uso wake kwa saa nzima, lakini nilijua amechoka au amefurahi kwa jinsi uzi ulivyokuja. Aliimba nyimbo za kwaya za Uvira, mji wa kwao Kongo, na wale wazee, watu wazima waliokuwa hawajui hata nchi yenyewe iko wapi, wakaanza kuitikia kiitikio bila kujua wanasema nini. Chakula cha mchana kilibadilika. Wanjiru alileta chapati, Mama Zawadi akaleta sombe ndani ya sufuria iliyofungwa taulo, na mikate ya mayai ikaanza kurudi nyumbani bila kuliwa. Siku moja nilimsikia mzee mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba mfagiaji amekuwa bosi. Hakusema kwa ubaya. Lakini nilifurahi kuliko nilivyopaswa, na leo nikikumbuka bado nafurahi. Nilikuwa nimefika nchi ile nikiwa mtu anayeelekezwa: simama hapa, weka kidole hapa, saini hapa. Sasa wanaume waliokuwa wameshika injini za ndege kubwa walikuwa wakiniuliza mimi, "Riziki, tupake dawa ya kukazia kitambaa leo au tungoje?"

Mkaguzi alirudi siku ya joto kali. Alivuta ukingo wa mbele kwa chemchemi yake mpaka sindano ya kifaa ikafika mwisho. Alivuta mahali pengine, na pengine. Aliomba mifuko ya mchanga, akaipanga juu ya kitambaa mmoja baada ya mwingine huku Walter akiwa amegeukia ukutani. Kisha akauliza ni nani aliyeshona. Walter akageuka na kutuelekeza sisi, mkono wake wote umenyooka. Yule mtu mfupi akavua kofia. "Nimekagua ndege miaka mingi," alisema. "Sijapata kuona hivi." Akatia saini. Wanjiru akapiga vigelegele, Mama Zawadi akampokea, na sauti zao zikapanda hadi kwenye mabati ya paa, na mzee mmoja mwenye kifaa cha kusaidia masikio akakitoa haraka.

Ilipopelekwa kwenye uwanja wa nyasi nje ya mji, watu wengi walikuja. Diane alivaa koti la ngozi na akambusu baba yake kwenye paji. Walter hakumzuia. Alinisogelea tu mimi, akauliza kwa sauti ya chini, "Una uhakika?" Nilimwambia ndiyo. Sijawahi, kabla ya hapo wala baada yake, kutamka neno ndiyo lenye uzito kama ule. Propela ikazungushwa kwa mkono, injini ikakohoa, moshi wa mafuta ukatupitia, na ndege ya mshona mahema ikaanza kukimbia kwenye nyasi, ikidundadunda, hadi nikaona mwanga kati ya magurudumu na ardhi. Hakuna aliyeshangilia mwanzoni. Walter alikuwa amenishika mkono kwa nguvu kiasi kwamba kesho yake ulivimba. Diane alizunguka uwanja mara tatu na kutua taratibu, na hapo ndipo watu wazima wakaanza kukimbia kama watoto. Habari ile ilienea. Kabla ya majani kuanguka, familia ikaandika barua nyingine: ndege ibaki na karakana, iruke. Na Walter akaniandikisha kwenye masomo ya ufundi, akakaa nami mezani kila alasiri hadi nilipopata cheti, na cheti hicho ndicho kilichonipeleka Louisville, na ndicho kilichoko ukutani Jeffersontown, ambako leo watu wananiletea mbawa kutoka majimbo ambayo sijawahi kuyatembelea.

Kwenye maziko Diane aliniomba niseme machache. Kanisa lilikuwa limejaa, na maua yalikuwa mengi kuliko kawaida ya wazee wenye umri ule. Mama Zawadi alinikanyaga mguu kunikumbusha nisiseme sana. Nilipofika mbele nilikuwa na karatasi, lakini sikuisoma. Niliwasimulia mchana mmoja wa vuli mwaka ule, baada ya safari zote za majaribio kukamilika, wakati ilipokuwa halali kumchukua abiria.

Ndege ile ilikuwa na kiti cha pili, mbele ya rubani. Kila mmoja alidhani atakaa Walter. Alipoitwa, alikataa, akavua kofia ya ngozi na miwani ya upepo aliyokuwa ameandaliwa, akanivisha mimi. Nilikataa kwa Kiingereza, nikakataa kwa Kiswahili, hakujali. Mama Zawadi alishika kichwa na kuanza kusali kwa sauti. Nikapanda. Kelele zilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani, na upepo ulinipiga usoni kama maji. Tulizunguka, tukapanda, tukazunguka tena, tukashuka. Magurudumu yalipogusa ardhi, Mama Zawadi akaja mbio, kitenge kimemfunguka, kabla hata propela haijasimama vizuri.

"Uliona nini? Uliona Canada? Uliona ile maporomoko?"

"Sikuona kitu, Mama," nilimwambia. "Niliangalia mishono tu."

Na ilikuwa kweli. Dakika zote zile nilikuwa nimekaza macho kwenye bawa la kushoto, halafu la kulia, safu kwa safu, nikihesabu fundo kwa fundo, nikingoja moja lisogee. Halikusogea hata moja. Wanjiru alicheka hadi akainama, akamtafsiria Walter. Mzee hakucheka. Alikuja hadi kwenye ubavu wa ndege, akaweka kiganja juu ya kitani kilichokuwa bado cha moto kwa jua, akaniangalia kwa macho yaliyojaa maji.

"Imeshika," alisema. "Sasa rudi juu. Safari hii angalia chini."

Diane akatoa ishara, propela ikazungushwa tena. Tulipopita juu ya miti nililazimisha shingo yangu igeuke. Nikaliona ziwa lote, la rangi ya chuma, halina mwisho. Nikauona mto unavyotoka ziwani na kukimbilia kwenye moshi mweupe wa maporomoko, na ng'ambo yake nchi nyingine isiyo na mstari wowote wa mpaka. Kisha Diane akainamisha bawa, na mapaa ya West Side yakaja chini yangu, mamia, ya kahawia na kijivu, kamba za nguo uani, basi dogo likijikokota barabarani, na watu wamesimama njiani wameinua nyuso, wanapunga mikono kwa yeyote aliye juu kule. Nikafungua mkanda wa kofia, nikaishika mkononi, na kwa sauti yote niliyojaliwa nikapiga kigelegele kimoja kirefu juu ya mji ule.